Chupa imejaa nzi, maembe bado yanaoza

Msimu wa maembe ukifika, simu ninazopokea hufanana. Mkulima wa Mwakirunge au Mtongwe, hapa Mombasa, amenunua mtego wa chupa wenye dawa ya kuvuta nzi, ameutundika mwembeni, na hazikupita siku nyingi chupa ikajaa nzi hadi shingoni. "Bwana shamba, hawa nimewakomesha!" Baadaye anapiga tena, safari hii sauti imeshuka: ngowe zake zinaanguka, na kila anayoipasua ina funza. Anaamini ameuziwa dawa bandia. Dawa ni halali kabisa. Ila nzi waliomo chupani karibu wote ni madume, na dume hatagi mayai.

Kama huniamini, wamwage juu ya karatasi uwatazame. Nzi huyu, Bactrocera dorsalis, ana mistari miwili ya manjano mgongoni na alama nyeusi ya herufi T tumboni. Wengi humdhania nyigu mdogo. Jike ana ncha nyembamba iliyochongoka nyuma, ndiyo anayotobolea ganda la embe na kuacha mayai ndani. Tafuta ncha hiyo kwenye karatasi yako. Utatafuta sana. Asili yake ni Asia. Hapa Kenya aligunduliwa mwaka 2003, akapewa jina jipya la Bactrocera invadens mwaka 2005, kisha miaka kumi baadaye wanasayansi wakakubaliana kwamba ni yule yule wa Asia.

Kinachomvuta dume huyu ni methili eujenoli, kemikali inayotengenezwa na mimea yenyewe. Imo katika baadhi ya aina za mrehani, na katika maua na matunda mengine mengi. Karafuu ina eujenoli, ambayo ni ndugu yake wa karibu, lakini vipapasio vya nzi vinazitofautisha vizuri sana, kwa hiyo usipoteze pesa kununua mafuta ya karafuu pale soko la Marikiti ukidhani umepata njia ya mkato.

Dume hafuati harufu hii kwa njaa. Anailamba, mwili wake unaibadilisha kuwa viambata vingine, anavihifadhi kwenye tezi iliyo sehemu ya nyuma ya mwili, halafu jua likizama anavitoa hewani kuwaita majike. Aliyelamba huchaguliwa kuliko asiyelamba. Ni bwana harusi anayetafuta udi wa kujifukiza kabla ya kwenda ukumbini. Ndiyo maana anakuja kutoka mbali, mamia ya mita, na ndiyo maana jike hana haja na chupa yako.

Jambo hili lilianza kujulikana kwa bahati. Jamaa za mdudu huyu walikuwa wakimsumbua mtu mmoja huko India aliyetumia mafuta ya sitronela ili kufukuza mbu. Mtaalamu wa wadudu F. M. Howlett alilifuatilia suala hilo, akaandika habari zake mwaka 1912, na muda si mrefu methili eujenoli ikatambuliwa. Nalipenda tukio hili kwa sababu linaonyesha kwamba harufu haina tabia moja kwa wadudu wote. Kivumbasi unachokipanda dirishani humkera mbu. Mrehani, ambao ni ukoo huo huo, unaweza kumwita nzi wa embe.

Je, kuua madume hakusaidii kabisa? Kunasaidia, kukifanywa kwa ukubwa. Katika kisiwa cha Rota, Bahari ya Pasifiki, mwanzoni mwa miaka ya 1960 vipande vya ubao laini vilivyolowekwa methili eujenoli asilimia 97 na sumu asilimia 3 vilidondoshwa kwa ndege kisiwa kizima, na nzi huyu akatoweka. Lakini Rota ni kisiwa kidogo kilichozungukwa na bahari. Shamba lako la nusu ekari limezungukwa na miembe ya watu. Dume mmoja hupanda majike wengi, kwa hiyo hata ukiua tisa kati ya kumi, aliyebaki anatosha. Na jike aliyekwisha kupandwa kwa jirani anavuka ua akiwa na mayai yake tayari.

Mimi chupa ya methili eujenoli naitumia kupata habari: idadi ikianza kupanda, najua kazi imefika. Hata habari hiyo si kamili. Ceratitis cosyra, nzi wa kienyeji aliyekuwa msumbufu mkuu wa maembe kabla ya 2003, havutiwi na harufu hii, na nzi wa matango na matikiti anaitikia nyingine kabisa. Chupa tupu haimaanishi shamba safi.

Jike anavutwa na chakula. Ili mayai yakomae anahitaji protini, na harufu ya protini iliyovunjwa, yenye amonia ndani yake, humleta mbio. Chambo cha namna hii kinaweza kutengenezwa kwa hamira iliyobaki viwandani baada ya kupika bia, na wataalamu wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, wameifanya kazi hiyo hapa Kenya. Huhitaji kuuogesha mti mzima. Unachanganya chambo na kiuadudu kidogo, unanyunyiza kiasi cha mililita 50 kwenye mita moja ya mraba ya majani, si kwenye matunda, mara moja kwa wiki, tangu maembe yakiwa madogo hadi mavuno yaishe. Mvua ikinyesha, rudia.

Halafu kuna majimoto, ambao wakulima wengi huwaua bila kufikiri. Naelewa; mchumaji aliyevamiwa na majimoto juu ya mwembe hana hamu ya kusikia elimu. Lakini sisimizi hawa wekundu hufanya zaidi ya kukamata nzi na funza. Wanapopita juu ya embe huacha alama za harufu, na utafiti uliofanywa Benin ulionyesha kwamba jike wa nzi akikuta embe lililopitiwa nao hutaga kidogo zaidi, hata kama sisimizi wenyewe hawapo. Wazee wa minazi pwani wanajua faida yao siku nyingi. Kwa mchumaji, chuma kwa upondo mrefu, na mapema asubuhi wakiwa hawajachangamka.

Na maembe yaliyoanguka yasilale chini. Funza hutoka ndani yake, huzama kwenye udongo sentimita chache, na kutoka huko kama nzi wapya. Yatie kwenye mfuko mweusi wa plastiki, ufunge vizuri, uuache juani mpaka funza wafe. Kuyatupa nje ya ua ni kumpa jirani nzi, nao watarudi kwako.

Kwa hiyo anayeniuliza anunue nini akiwa na pesa za kitu kimoja tu, namwambia kwanza aokote maembe yaliyoanguka, maana hilo ni bure. Pesa zake aziweke kwenye chambo cha protini. Methili eujenoli inunuliwe na kikundi, mitego itundikwe mashamba yote kwa wakati mmoja, na anayeishika avae glavu: ikidondoka kwenye shina au nje ya chupa, nzi watakusanyika pale badala ya kuingia ndani, na kemikali hiyo yenyewe si ya kuchezea kwa mikono mitupu.