Akili unde na kampuni kubwa za teknolojia: tunayoyaamini Mtwara na Lindi, na yalivyo kweli

Steshenari ni mahali pazuri pa kujua watu wanaiwazaje teknolojia. Hapa Masasi mjini ninakofanya kazi, anayekuja kuchapa barua, kutoa kopi ya cheti au kujaza maombi ya ajira mtandaoni hukaa muda wa kutosha kusema anachoamini. Siku hizi mazungumzo ni akili unde, yaani AI, zile programu kama ChatGPT zinazojibu maswali na kuandika. Yupo anayeiamini kuliko mwalimu wake, na yupo asiyetaka hata kuisikia. Naona wote wawili wanaliruka swali moja: siku ikinyamaza, au ikisema lisilo kweli, sisi tutabaki na nini mkononi? Nitazipitia dhana ninazozisikia mara kwa mara nikiwa na swali hilo.

"Hayo ni mambo ya Dar na Ulaya, huku kusini bado"

Tukumbuke Mei 2024. Mwanzoni mwa mwezi Kimbunga Hidaya kilikuja na mvua, na barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja Lindi ikakatika sehemu kadhaa wilayani Kilwa, Somanga ikiwemo. Mabasi yalikwama, malori ya bidhaa yakalala njiani, na njia iliyobaki ikawa ile ndefu ya kuzungukia Tunduru na Songea. Kila mtu aliliona tatizo hilo kwa macho, hivyo halikuhitaji maelezo.

Halafu tarehe 12 mwezi huohuo intaneti ikaanguka. Safari hii hapakuwa na maji ya kupiga picha. Nyaya mbili zinazopita chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki na Kusini zikaathirika. Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizoumia sana. Nyaya hizo zinaambaa na pwani ya mashariki ya Afrika, kwa hiyo zinapita hata mbele ya bahari yetu. Ziliingia kazini miaka ya 2009 na 2010, na tangu hapo mengi yamepangwa kana kwamba zitakuwepo daima. Kampuni za mawasiliano zilizokuwa na njia ya pili zilirudi mapema. Zisizokuwa nayo zilisubiri.

Mtu wa Newala anapoandika swali kwenye simu yake, jibu halitungwi ndani ya simu. Swali linasafiri hadi kwenye majengo yaliyojaa kompyuta, mengi yakiwa ya Amazon, Microsoft au Google, au yamekodishwa kutoka kwao. Afrika, vituo vikuu vya kampuni hizo tatu viko Afrika Kusini: Microsoft ilifungua Johannesburg 2019, Amazon ikafungua Cape Town 2020, na Google ikafuata Johannesburg 2024. Tanzania hakuna hata kimoja. Kwa hiyo utegemezi huu umeshafika kusini, na tena umefika ukiwa mwembamba, kwa sababu sisi ndio tuko mwisho wa waya.

"Akili unde inajua, haiwezi kukosea"

Hii ndiyo inayonipa wasiwasi mkubwa, kwa sababu inagusa shamba.

Programu hizi zimefundishwa kwa maandishi mengi mno, zikajifunza neno gani huwa linafuata neno gani. Ukiuliza, zinatunga jibu linalofanana na majibu mazuri. Mara nyingi huwa sahihi. Linapokuwa si sahihi, lugha yake inabaki ileile ya kujiamini, bila kigugumizi chochote cha kukushtua.

Msimu uliopita mama mmoja kutoka Tandahimba alikuja na kijana wake kuchapa picha za mikorosho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu tazama haya maua, yamepakwa kama unga."

Kijana alikuwa ameshaiuliza programu moja kwenye simu na kupewa jibu refu la Kiswahili kizuri: jina la ugonjwa, jina la dawa, kipimo kwa kila mti. Aliponisomea, nikamwomba aulize tena palepale, kwa maneno mengine kidogo. Jina la ugonjwa lilibaki lilelile, lakini kipimo kilikuja kingine na dawa ikawa nyingine. Mama akamgeukia mwanawe: "Sasa nishike lipi?"

Unga huo mweupe kwenye maua, majani machanga na korosho changa ndio dalili za ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu ambao wakulima wa kusini wameupiga vita miaka mingi kwa salfa. Kuna wakati wake wa kuanza, kuna idadi ya siku kati ya mpulizo mmoja na mwingine, na salfa ya unga hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande bado uko kwenye majani. Maelekezo hayo yanatoka TARI Naliendele, hapa hapa mkoani Mtwara, kituo ambacho utafiti wa korosho ndio kazi yake, na yanamfikia mkulima kupitia kwa afisa ugani. Mkorosho unabeba mara moja kwa mwaka. Ukikosea kipimo wakati wa maua, unakutana na kosa lako ghalani Oktoba, na nafasi ya kulisahihisha ni mwaka unaofuata. Yule mama alirudi na namba ya simu ya afisa ugani wa kata yake. Kijana hakufurahi, maana aliona nimeidharau simu yake. Sikuidharau. Jina la ugonjwa ilikuwa imelipata, na hilo peke yake lingemwezesha kuuliza swali zuri kwa mtu anayejua.

Wasomi nao wananaswa. Juni 2023 jaji mmoja wa New York aliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000. Walikuwa wamewasilisha mahakamani hoja zenye kesi sita ambazo ChatGPT iliziunda tu. Zilikuwa na majina na nukuu za hukumu, lakini kesi zenyewe hazikuwahi kuwepo. Nahisi, kama wakili wa New York alishindwa kugundua, mwanafunzi wa kidato cha nne wa Nachingwea anastahili kuelezwa mapema.

Nikiwa hapo kwa wanafunzi: barua za kuomba kazi zinazoletwa kwangu kuchapwa zimeanza kufanana. Vijana wasiofahamiana, mmoja wa Nanyumbu na mwingine wa Ruangwa, wanaanza na sentensi ileile ya "shauku kubwa na kujituma". Aliyeuza samaki Msimbati miaka minne ili ajisomeshe hasemi habari za samaki, na hilo ndilo lingemfanya msomaji wa barua asimame. Huwa namwomba anisimulie kwanza kwa mdomo, kisha tunaandika.

"Inaongea Kiswahili, basi inatujua"

Inaongea Kiswahili cha magazeti na vitabu, kwa sababu hicho ndicho kilichojaa mtandaoni. Jaribu Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua, uone inavyopapasa. Bibi anayeeleza maumivu yake kwa Kimakonde bado anamhitaji mjukuu wake, au muuguzi anayeijua lugha hiyo.

"Ni bure"

Bando lako si bure, hilo la kwanza. La pili, kampuni kama Meta, yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, inapata zaidi ya asilimia 95 ya mapato yake kwa kuuza matangazo, na tangazo linauzika vizuri pale kampuni inapojua wewe ni nani na unapenda nini. Google nayo sehemu kubwa ya mapato yake ni matangazo.

Hapa kuna mkanganyiko nataka niunyooshe. Watu wengi wanaamini Meta inasoma kila meseji ya WhatsApp. Meseji unazomtumia ndugu yako zimefungwa kwa usimbaji tangu 2016, na kampuni yenyewe haiwezi kuyasoma maneno yaliyomo. Inachoweza kujua ni nani unawasiliana naye na lini. Lakini kile kiduara cha Meta AI kilichoingia ndani ya WhatsApp ni habari nyingine kabisa. Ukiandika pale, unaiandikia kampuni. Nimewaona watu wakibandika pale namba ya NIDA, majibu ya hospitali, hata picha ya hati ya shamba, wakidhani ni faragha ileile. Usifanye hivyo.

"Ni mashine tupu, hakuna mtu nyuma yake"

Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kupanga maandishi ya ukatili na unyanyasaji ili ChatGPT ifundishwe kuyaepuka. Majirani zetu hao walisoma machafu ili sisi tusiyaone. Tukija nyumbani, Ruangwa kuna kinywe, madini yanayotumika kwenye betri za lithiamu zinazowasha simu hizi. Kusini tumo ndani ya biashara hii tangu ardhini, na kwa hiyo tuna haki ya kuuliza tunapata nini.

"Kampuni kubwa namna ile haiwezi kuanguka"

Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita, kwa sababu ya badiliko lililokosewa kwenye mitambo ya mtandao wao wenyewe. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama wa kompyuta iitwayo CrowdStrike ilituma sasisho lenye kasoro, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows zikagoma. Ndege ziliahirishwa na hospitali zikarudi kwenye karatasi. Tarehe 20 Oktoba 2025 hitilafu kwenye kituo cha Amazon kilichoko Virginia, Marekani, iliangusha huduma nyingi ambazo watumiaji wake hawakujua kabisa kwamba zinakaa kwa Amazon.

Kadiri wengi wanavyokaa kwa mwenyeji mmoja, ndivyo kosa moja linavyowafikia wote kwa pamoja. Kwa mama anayeuza vitenge sokoni Mtwara kwa kupokea oda WhatsApp, hilo ni jambo la kawaida kabisa: wateja wake wote wako ndani ya simu moja, kwenye akaunti moja, ya kampuni moja. Ikizimika, ikidukuliwa au ikifungwa kwa kosa, hana pa kuwatafuta. Daftari lenye majina na namba za wateja ni shilingi chache. Chama cha msingi kinachotunza kumbukumbu za wakulima kwenye kompyuta kinafanya vizuri, na mkulima asikubali kuondoka ghalani bila stakabadhi yake ya karatasi, hata akiambiwa "ipo kwenye mfumo".

"Basi dawa ni kuachana nayo kabisa"

Hapana. Mkulima wa muhogo anaweza kutumia PlantVillage Nuru, programu iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na taasisi ya utafiti ya IITA. Unaelekeza simu kwenye jani, nayo inakuambia kama inaona batobato au michirizi ya kahawia, magonjwa mawili yanayotesa muhogo wa ukanda huu. Inazungumza Kiswahili, na ikishawekwa kwenye simu inafanya kazi hata pasipo na mtandao. Hata yenyewe imejengwa kwa zana za Google, kwa hiyo sisemi tukimbie kila chenye jina la kampuni kubwa. Lakini imejengwa kwa kazi moja inayojulikana, imejaribiwa shambani na watu wanaoujua muhogo, na haikuachi siku waya wa baharini ukikatika. Ukiletewa programu yoyote, na halmashauri, na shirika, au na kijana wako, ipime kwa mambo hayo matatu.

"Sisi wadogo hatuna la kufanya"

Tuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko ya mwananchi yeyote. Inakupa haki ya kuuliza taarifa gani zako zinashikiliwa, haki ya kutaka zirekebishwe, na haki ya kuhoji uamuzi uliofanywa na mashine peke yake juu yako.

Hilo la mwisho linawagusa zaidi waliokopa kwenye programu za simu. Mashine inaamua ndani ya dakika kama unakopesheka, inachukua majina yote yaliyomo kwenye simu yako, na ukichelewa kulipa, shemeji yako na mwalimu wa mwanao wanatumiwa meseji za kukuaibisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Waliodhalilishwa na programu za aina hiyo wapo hata Masasi, na wengi walinyamaza kwa sababu walidhani deni linamnyang'anya mtu haki zake. Halimnyang'anyi.

Anayetaka kuandika barua ya malalamiko kwa Tume, aje na haya: jina la programu kama linavyoonekana kwenye simu, tarehe aliyokopa, kiasi alichopokea na kiasi anachodaiwa, picha za meseji zilizotumwa kwake na kwa ndugu zake, na namba zilizopiga. Asiifute programu kabla ya kupiga hizo picha. Kama kuna ndugu aliyetumiwa meseji, naye aandike jina lake na asaini. Barua ya namna hiyo ni ya ukurasa mmoja.