Makohozi safi, pumzi bado

"Makohozi hayana vijidudu tena, basi mgonjwa wa TB amepona."
Vijidudu vimekwisha, ni kweli. Dozi ya miezi 6 ya TB ya kawaida huua bakteria, lakini pafu lililokwisha kuchimbika halirudi lilivyokuwa. Makovu hubaki, njia za hewa zikatanuka na kutuamisha makohozi, maambukizi mengine yakapata pa kukaa. Mchukue mama ntilie aliyemaliza dawa. Kadi inasema amepona, ila sufuria la wali alilokuwa akiliepua peke yake sasa anaita mtu, na usiku hukohoa ameketi, mdomo kwenye mto, watoto wasiamke. Kadi haina nafasi ya kuandika hayo.

"Hizo ni hisia tu, hazipimiki."
Zinapimika. Hojaji ya St George's, ya wagonjwa wa mapafu, iliyochapishwa na Paul Jones na wenzake wa London mwaka 1992, ina maswali 50 kuhusu dalili, shughuli na athari za ugonjwa maishani. Badiliko la pointi 4 huchukuliwa kuwa ndilo dogo kabisa lenye maana kwa mgonjwa. Angalia tu usisome kinyume: hapa 0 ni heri na 100 ni balaa. Hojaji ya QOL-B, ya wenye njia za hewa zilizotanuka, imegeuza. Kwayo, alama ikipanda ni habari njema.

"Kupuliza spairometa, mashine ya kupima pumzi, kunatosha."
Mashine hupima hewa inayotoka, basi. Karani na mbeba mizigo wanaweza kupuliza sawasawa. Mmoja akaendelea na kazi, mwingine akakosa cha kupeleka nyumbani.

"Hojaji ukishaitafsiri, kazi imekwisha."
Hili ndilo linaloniudhi zaidi. Hojaji ya St George's inauliza kama pumzi inakutatiza kupanda vilima, kupalilia, kucheza dansi au gofu. Sentensi nyingine inataja kulima bustani na kufukua theluji. Msomee mkulima wa Njombe neno kwa neno. Gofu hajaigusa, theluji hajaiona, anajibu "hapana", na hiyo "hapana" inahesabiwa kuwa hana shida. Kumbe kilichomshinda ni ndoo ya maji kutoka kisimani. Ndoo, jembe na mchi viingie kwenye maswali, kisha wagonjwa wenyewe waulizwe wameelewa nini, kabla ya kuhesabu alama yoyote.

"Hajui kusoma, ndugu yake atamjibia."
Asomewe, ajibu mwenyewe. Kuna swali la kuona aibu ukikohoa mbele za watu. Kaka mtu atasema, "Hana neno huyu." Mwenyewe ndiye anayejua kwamba siku hizi kwenye daladala hutafuta kiti cha dirishani, na kikohozi kikimbana hushuka kituo kisicho chake.