"Subiri akue kidogo": dhana potofu kuhusu macho ya watoto na watoto njiti

"Subiri akue kidogo." Maneno matatu tu, na huyasema bibi, jirani, wakati mwingine hata mhudumu wa afya. Kwa mafua yanafaa. Kwa macho ni hatari, kwa sababu jicho la mtoto bado linajengwa, na ubongo unaojifunza kuona una kalenda yake. Nyingi ya dhana zilizo hapa chini ni sura tofauti za maneno hayo matatu.

"Njiti wetu karuhusiwa, amenenepa, basi na macho ni mazima"

Tuanze na hii, maana ndiyo inayopofusha kimyakimya. Retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, unaopokea mwanga. Mishipa yake ya damu huanza kuota mimba ikiwa na wiki 16 hivi na hufika ukingoni karibu na wiki ya 40. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 28 huja duniani mishipa hiyo ikiwa njiani. Oksijeni nyingi ya siku za mwanzo huisimamisha. Wiki kadhaa baadaye ile sehemu isiyo na mishipa huanza kudai oksijeni na kumwaga kemikali za kuita mishipa mipya. Inayoota sasa ni ya ovyo: inapanda kuelekea katikati ya jicho, inavuja, inaacha makovu, na makovu huvuta retina hadi ibanduke. Huu ndio ugonjwa wa retina ya njiti, ambao wodini huitwa ROP. Una hatua 5, na ya 5 ni retina kubanduka yote. Ukifika hapo, upasuaji ni mara chache sana kurudisha uoni wa maana.

Piga hesabu ya wiki. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 28 anapaswa kuchunguzwa mara ya kwanza akifikisha wiki 31 au 32 ukiendelea kuhesabu tangu mimba, yaani wiki ya 3 hadi ya 4 tangu azaliwe. Ugonjwa huwa mkali zaidi kati ya wiki ya 36 na ya 38, yaani wiki ya 8 hadi ya 10 tangu azaliwe. Kufikia hapo mtoto ana kilo mbili, yuko kifuani kwa mama yake, na kila mtu anashangilia. Ukimtazama kwa nje jicho ni safi: hakuna wekundu, hakuna tongotongo, hakuna weupe. Mboni ikishaonekana nyeupe, retina imekwisha kubanduka. Kwa hiyo tarehe ya uchunguzi iandikwe kwenye kadi ya kuruhusiwa, siku na mwezi. "Arudi akiwa na tatizo" haisaidii, maana tatizo lenyewe halionekani.

Nani achunguzwe? Marekani huchukua waliozaliwa na gramu 1500 au chini, au wiki 30 au chini. India huchukua walio chini ya gramu 2000 au chini ya wiki 34, kwa sababu pale ambapo oksijeni haidhibitiwi vizuri hata watoto wakubwa kiasi hupata ugonjwa mkali. Kwa wodi zetu nyingi, kipimo cha India ndicho cha busara. Na wale wanaosema ROP ni ugonjwa wa nchi tajiri wamechelewa: zamani njiti wadogo hapa hawakuishi muda wa kutosha kuupata. Sasa wanaishi.

"Oksijeni ndiyo inayopofusha, afadhali ipunguzwe sana"

Kosa hili lilishafanywa, na lilikuwa la gharama. Mwaka 1942 daktari Theodore Terry wa Boston alieleza upofu mpya kwa watoto njiti. Mwaka 1951 Kate Campbell wa Melbourne aliuhusisha na oksijeni, na majaribio ya Marekani ya katikati ya miaka ya 1950 yakathibitisha. Hospitali zikabana oksijeni isizidi asilimia 40. Upofu ulipungua, lakini vifo vikaongezeka, na watoto wenye ulemavu wa ubongo pia.

Kinachotakiwa ni kuipima. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Mtungi au mashine ya kuzalisha oksijeni hutoa zaidi ya 90. Bila kifaa cha kuichanganya na hewa, mtoto wa gramu 1100 anapokea karibu oksijeni tupu. Kipimo cha mguuni, kinachoonyesha asilimia ya oksijeni iliyo kwenye damu, kisome kati ya 90 na 95 mtoto anapokuwa kwenye oksijeni, kengele ya chini iwekwe 89 na ya juu 95. Kosa la kawaida ni hiyo kengele ya juu: inapiga kelele, mtu anaizima, namba inakaa 100 usiku kucha na wote wanafurahi. Namba 100 kwa njiti aliye kwenye oksijeni haikuambii amezidishiwa kiasi gani. Akiwa anapumua hewa ya kawaida tu, 100 haina neno.

"Uchunguzi wenyewe unamtesa mtoto bure"

Haupendezi, hilo kweli. Ila ukifanywa kwa mpangilio ni dakika chache. Mtoto asinyonye kwa saa moja hivi kabla, asije akatapika na kupaliwa. Anawekwa matone ya kupanua mboni, sayklopentoleti ya asilimia 0.5 na fenilefrini ya asilimia 2.5, tone moja moja, yakirudiwa baada ya dakika 5 hadi 10. Fenilefrini ya asilimia 10 ni ya watu wazima. Kwa njiti hupandisha shinikizo la damu kwa hatari. Dawa inayomwagika shavuni ifutwe mara moja, maana ngozi yao ni nyembamba na huinyonya. Baada ya nusu saa hadi saa moja mtoto anaviringishwa kwenye kitenge, anapewa matone ya sukari au maziwa ya mama ulimini, anawekewa dawa ya ganzi na kishikio kidogo cha kope, na daktari anatazama kwa taa ya kichwani na lenzi ya mkononi. Nesi hubaki akitazama mapigo na pumzi, kwa sababu baadhi ya watoto husita kupumua.

Kope kuvimba kidogo au doa jekundu kwenye weupe wa jicho baadaye si jicho kuharibiwa. Huisha.

Ugonjwa ukifikia kiwango cha kutibiwa, tiba ifanyike ndani ya saa 48 hadi 72. "Wiki ijayo" ni mbali. Leza huchoma ile sehemu isiyo na mishipa ili iache kuita mishipa mibovu. Sindano ya bevasizumabu ndani ya jicho, dawa inayozima kemikali za kuita mishipa, kwa kawaida miligramu 0.625, yaani nusu ya dozi ya mtu mzima, hufanya kazi haraka, ila ugonjwa unaweza kurudi miezi kadhaa baadaye. Ndiyo maana aliyechomwa sindano hufuatiliwa muda mrefu kuliko wa leza. Na hata njiti ambaye hakupata ROP apimwe tena karibu na mwaka mmoja: kengeza na kutoona mbali huwapata zaidi kuliko wenzao.

"Mtoto wa jicho ni wa wazee, na kwa mtoto upasuaji usubiri"

Watoto huzaliwa nao. Baadhi huurithi, wengine mama zao walipata rubela wakiwa wajawazito, na hii ni sababu mojawapo ya chanjo ya surua-rubela inayotolewa miezi 9 na 18. Mtoto wa jicho mzito wa jicho moja unafaa kuondolewa karibu na wiki ya 6 ya maisha. Wa macho yote mawili kabla ya wiki ya 10. Ukimpasua akiwa na miaka minne, lenzi itatoka vizuri na jicho litakuwa safi, lakini ubongo ambao haukuwahi kupokea picha hautajua la kufanya nayo. Macho yatakuwa yameanza kuchezacheza yenyewe, dalili kwamba wakati umepita.

Upasuaji wenyewe si ule wa babu. Mtoto hulazwa usingizi kabisa, na kifuko cha lenzi hutobolewa pia upande wa nyuma, la sivyo ukungu hurudi. Kwa wachanga lenzi ya bandia mara nyingi haiwekwi kwanza. Hupewa miwani mizito, yenye nguvu ya +20 au zaidi. Familia nyingi hupotelea hapa: zinauza mbuzi kulipia nauli na upasuaji, kisha miwani inakaa kabatini kwa sababu "mtoto anaivua". Bila miwani, upasuaji ni nusu ya tiba. Ifungwe kwa mpira nyuma ya kichwa.

"Jicho linalong'aa kama la paka ni urembo tu"

Mng'ao mweupe ndani ya mboni ni dharura hadi ithibitishwe vingine. Unaweza kuwa mtoto wa jicho, unaweza kuwa saratani ya retina, retinoblastoma. Picha ya simu yenye mwanga wa flashi husaidia: jicho moja jekundu na lingine jeupe, tena katika picha zaidi ya moja, ni sababu ya kwenda hospitali wiki hiyohiyo. Kliniki ina njia bora zaidi: chumba kiwe na giza kiasi, mwanga wa kifaa cha kutazamia macho uelekezwe macho yote mawili kwa umbali wa nusu mita hadi mita moja, na mng'ao wa pande mbili ulinganishwe. Kwa watoto wetu mng'ao huwa wa rangi ya chungwa iliyofifia, si mwekundu kama kwenye picha za vitabu. Kinachotafutwa ni tofauti kati ya jicho na jicho. Kifaa kama Arclight, kidogo cha kutosha kukaa mfukoni na kinachochajiwa kwa jua, kinatosha kabisa.

Dhana inayofuata ni mbaya zaidi: "wakiling'oa jicho, saratani inasambaa." Ni kinyume chake. Saratani ikiwa bado ndani ya jicho, kuliondoa huponya karibu watoto wote. Wanaokufa ni wale ambao uvimbe ulishatoka nje, mara nyingi baada ya miezi ya dawa za kuosha na kupaka. Jicho la bandia huwekwa baada ya wiki kadhaa, na ndugu wa mtoto huyo nao wachunguzwe, kwa kuwa ugonjwa huu unaweza kurithiwa.

"Maziwa ya mama yanaosha macho"

Maziwa ya mama ni chakula. Jicho si mahali pake. Mchanga mwenye usaha mwingi na kope zilizovimba siku ya 2 hadi ya 5 achukuliwe kuwa na kisonono cha macho, ambacho kinaweza kutoboa konea, kioo cha mbele cha jicho, kwa siku chache. Anahitaji sindano ya seftriaksoni, miligramu 50 kwa kila kilo isiyozidi miligramu 150, mara moja, macho yasafishwe mara kwa mara kwa maji ya chumvi ya hospitali, na wazazi wote wawili watibiwe. Klamidia huchelewa zaidi, siku ya 5 hadi ya 14, na hutaka dawa ya kunywa. Mafuta ya tetrasaiklini ya asilimia 1 anayopakwa mtoto akizaliwa ni ya kuzuia haya. Si ya kutibu.

Machozi yasiyo na wekundu ni habari nyingine. Mara nyingi ni mfereji wa machozi ambao haujafunguka. Nawa, weka kidole kwenye kona ya jicho upande wa pua, bonyeza na kushusha mara 5 hadi 10, mara tatu kwa siku. Watoto wengi sana hupona kabla ya mwaka. Hapa, kwa mara moja, kusubiri kunaruhusiwa. Lakini machozi pamoja na kuogopa mwanga na jicho linaloonekana kubwa kuliko kawaida ni presha ya macho ya kuzaliwa nayo. Huyo hasubiri hata wiki.

"Kengeza hunyooka lenyewe, na miwani huharibu macho"

Macho kupishana mara mojamoja kabla ya miezi mitatu au minne ni kawaida. Baada ya hapo apimwe. Wako pia ambao kengeza lao ni la kudhaniwa tu: pua bapa na ngozi ya kona huficha weupe wa ndani. Mulika tochi ndogo mbele yao. Nukta ya mwanga ikiangukia mahali pamoja kwenye mboni zote mbili, macho yamenyooka.

Kengeza la kweli huufundisha ubongo kulipuuza jicho moja. Hilo ndilo jicho vivu, na mtoto mwenyewe hajui, kwa kuwa jingine linamtosha. Ziba jicho zima na yule mdogo atalia au kusukuma mkono wako. Ziba lile vivu na hatajali. Tiba ni miwani kwanza, kisha kuziba jicho zima. Kwa hali ya wastani saa 2 kwa siku hufanya kazi sawa na saa 6. Kabla ya miaka 7 matokeo ni bora, lakini kumwambia mzazi wa mtoto wa miaka 10 kwamba amechelewa kabisa si kweli. Wengi bado hufaidika.

Miwani sahihi haidhoofishi macho. Karoti nazo haziondoi hitaji la miwani: vitamini A hulinda konea na uoni wa usiku, ndiyo sababu watoto hupewa matone ya uniti 100,000 kati ya miezi 6 na 11, kisha 200,000 kila miezi sita hadi miaka mitano.

"Matone yaliyomsaidia mwaka jana yatamsaidia tena"

Mtoto anayefikicha macho kila msimu, yamekuwa ya kahawia na yana ute unaovutika, huenda ana mzio. Duka la dawa humpa matone ya deksamethasoni, dawa ya steroidi, na kwa siku mbili anatulia kama hakuwahi kuumwa. Mama anahifadhi kichupa na kununua kingine. Baada ya miezi ya hivyo, dawa hiyo hupandisha presha ya jicho bila maumivu na kuleta mtoto wa jicho. Mwandalie kitambaa cha baridi na matone ya kuzuia mzio, kama olopatadini. Yale ya steroidi yatumike kwa siku zilizohesabiwa, mkononi mwa mtu anayeweza kupima presha ya jicho, na kichupa kilichofunguliwa kitupwe baada ya wiki nne.