Je, wajua kwa nini pikipiki huibwa nyumbani hata ikiwa imefungwa stelingi?

Asubuhi moja ya Februari, katika majira ambayo Mbeya hunyeshewa karibu kila siku, jirani yangu wa Uyole aliamka akakuta pikipiki yake haipo barazani, ingawa alikuwa ameifunga stelingi na ufunguo alilala nao. Tulipokagua uwanja uliolowa, tuliona mstari wa tairi moja tu, la nyuma, ukielekea barabarani, na kando yake nyayo za watu wawili zilizodidimia sana kwenye tope. Tairi la mbele halikuacha alama yoyote, kwa sababu lilikuwa limebebwa.

Alama hizo zinajibu swali lote. Unapofunga stelingi, pini fupi ya chuma huingia katika tundu lake shingoni mwa fremu, na usukani hubaki umekunjwa upande mmoja. Pikipiki haiwezi kuendeshwa, lakini hakuna kinachoiunganisha na ardhi wala jengo. Imefungwa kwenye mwili wake yenyewe. Pikipiki nyingi za bodaboda zina uzito wa kilo mia moja na kumi hivi au zaidi kidogo, na yeyote aliyewahi kutazama vijana wakipakia lumbesa za viazi kwenye malori anajua kwamba uzito huo hauwashindi watu wawili wenye nia. Zaidi ya hayo, usukani ni mpini mrefu unaoweza kutumiwa kuivunja pini ile.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kununua kufuli kubwa, bali ni kupata kitu kisichobebeka cha kuifungia pikipiki. Hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini ndipo wengi wanapokosea. Nyumba nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe zimejengwa kwa matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, kisha zikapigwa lipu ya saruji kwa nje. Ukuta wa namna hiyo unaonekana imara, lakini pete ya chuma iliyopigiliwa humo inaweza kung'olewa kwa mtaimbo pamoja na tofali lake. Nguzo ya mbao ya baraza nayo hukatwa kwa msumeno.

Mahali pa kuaminika ni chini. Chimba shimo la kina cha sentimita 40 hivi, chini yake pakiwa papana kuliko juu, ili zege likishakauka lisiweze kuvutwa likatoka. Chukua kipande cha nondo ya milimita 16, fundi wa kuchomelea akikunje kama herufi U, na ncha zake zikunjwe kuelekea nje kabla ya kuzikwa, kwa maana nondo iliyonyooka huchomoka kirahisi zaidi. Acha juu pete ndogo inayotosha mnyororo tu. Lipe zege muda: limwagilie maji kwa siku saba, na usilitegemee mapema, hasa mwezi wa Juni na Julai, kwa kuwa baridi hupunguza kasi ya saruji kukomaa.

Mnyororo nao una siri yake. Mnyororo wa chuma laini, ule wa kufungia mbwa au geti, hukatwa na mkasi mkubwa wa chuma kwa kubanwa mara moja. Unaofaa ni wa chuma kilichokomazwa kwa moto, wenye unene wa milimita 12 au zaidi. Ukiwa dukani, omba tupa na uisugue kwenye pete moja: kwenye chuma laini tupa hula na kuacha mkwaruzo unaong'aa, lakini kwenye chuma kilichokomazwa huteleza kama juu ya kioo. Naamini jaribio hili kuliko maneno ya muuzaji yeyote.

Pitisha mnyororo huo kwenye tairi la nyuma na fremu kwa pamoja, kisha kwenye pete ya sakafuni. Tairi la mbele huachana na pikipiki kwa kufungua nati ya ekseli, na mwenye mali anaweza kuachiwa tairi lililofungwa vizuri sana. Usiuache mnyororo ulale chini, kwa sababu mwizi huegemeza mpini mmoja wa mkasi sakafuni na kuukandamiza mwingine kwa uzito wa mwili wake wote. Na usitegemee kuamshwa na kelele: mvua kubwa juu ya bati hufunika hata sauti ya msumeno.

Wapo wanaoilaza pikipiki sebuleni, na siwalaumu. Hata hivyo, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni, na majira ya baridi ndipo familia nyingi huota moto wa jiko la mkaa ndani. Ninawasihi wanaofanya hivyo wafunge koki ya mafuta, wahakikishe hakuna mvujo, na wasiwashe jiko wala mshumaa katika chumba hicho.

Kuhusu bima, ifahamike kwamba bima ndogo, ile ya kufidia madhara unayowasababishia wengine, hailipi pikipiki iliyoibwa. Inayoweza kulipa ni bima kubwa.

Jirani yangu alipofika polisi aliikumbuka namba ya usajili tu, ile inayoanza na MC, ambayo hushikiliwa na skrubu mbili na hung'olewa kwa dakika moja. Namba ya fremu, iliyogongwa kwenye chuma cha shingo chini ya usukani, hakuwahi kuisoma, na kadi ya pikipiki iliyoandikwa namba hiyo ilikuwa chini ya kiti, imekwenda na pikipiki.