Je, wajua kwa nini daktari wa tiba radiolojia husoma picha kwa miaka kabla ya kukabidhiwa waya?

Daktari anayesomea ubingwa wa tiba radiolojia katika hospitali ya kufundishia anajiandaa kwa kazi ya mikono. Atapitisha waya mwembamba na katheta, yaani mrija laini, kutoka kwenye tundu dogo la kinena au la kifundo cha mkono hadi kwenye ini, figo au ubongo, ili azibue mshipa ulioziba, azibe unaovuja damu, au apeleke dawa pale pale uvimbe ulipo. Hata hivyo, katika utaratibu mmojawapo wa Marekani, baada ya mwaka wa utarajali hufuata miaka mitano ambayo mitatu ya kwanza hutumika zaidi kusoma picha, na miwili ya mwisho ndiyo ya tiba yenyewe.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba miaka hiyo mitatu ni foleni tu, urithi wa zama ambazo taaluma hii ilikuwa tawi dogo la radiolojia. Imani hiyo ilisimama juu ya kosa jingine kubwa zaidi, nalo ni kudhani kwamba eksirei humwonyesha daktari mishipa ya damu, hivyo kinachobaki ni utulivu wa mkono. Eksirei haimwonyeshi. Mionzi hiyo hutenganisha vitu kwa kadiri vinavyoizuia: mfupa huizuia sana, hewa huizuia kidogo mno, ilhali damu, ukuta wa mshipa na nyama inayouzunguka huizuia kwa viwango vinavyokaribiana, kwa hiyo vyote huonekana kama kijivu kimoja. Waya wa chuma huonekana vizuri kabisa, lakini njia unayopita haionekani.

Ili njia hiyo ijitokeze, daktari humimina ndani ya mshipa kimiminika chenye iodini, na kwa sekunde chache matawi yote huchoreka kwenye skrini kabla damu haijakisukuma mbele na kukiondoa. Hawezi kukimimina kila anapopotea, kwa kuwa kwa kawaida kiasi kikubwa huogopewa kwa ajili ya figo, ingawa tafiti za miaka ya karibuni zinaashiria kwamba hofu hiyo ilikuwa imezidishwa, hasa kwa watu ambao figo zao ni nzima. Hali yake inafanana na ya mtu anayevuka chumba chenye giza ambacho amekiona mara moja tu, radi ilipomulika: hatua zake zote baada ya hapo huongozwa na kumbukumbu. Mashine za sasa zinaweza kuihifadhi picha ya mmuliko huo na kuitandaza chini ya picha inayoendelea, lakini mgonjwa akivuta pumzi ini husogea, na ramani hiyo huacha kulingana na mwili.

Isitoshe, kile alichokiona kilikuwa bapa. Nyosha kidole mbele ya taa na utazame kivuli chake ukutani: kidole kinachoelekea ukutani na kinachoelekea kwenye taa vinaweza kutoa kivuli kifupi kilekile. Vivyo hivyo, tawi la mshipa linaloinama kuelekea mgongoni na linaloinama kuelekea tumboni vinaweza kulaliana kwenye skrini, na waya ukaonekana umeingia mahali ambapo haumo. Dawa yake ni kuuzungusha mkono wa mashine hadi matawi yaachane, kama unavyosogeza kichwa kujua iwapo nguzo iko mbele ya mti au nyuma yake. Lakini azungushe upande gani? Jibu hilo analo mtu aliyekwisha kuujenga mwili wa mgonjwa akilini kwa kina chake chote, na ujenzi huo hujifunzwa kwa kusoma picha za CT, yaani eksirei za kompyuta zinazoonyesha mwili kama uliokatwa vipande vyembamba, kipande baada ya kipande, za maelfu ya wagonjwa.

Kwa wingi huo hujifunza pia kwamba miili hailingani. Kwa watu wanaokadiriwa kuwa kati ya asilimia 10 na 20, ateri inayolisha upande wa kulia wa ini, yote au sehemu yake, huchomoza kwenye ateri kuu ya utumbo badala ya njia inayofundishwa vitabuni. Asiyelijua hilo anaweza kulitafuta kwa muda mrefu tawi ambalo halipo pale.

Historia inakubaliana na jambo hili. Mbinu ya kupenyeza waya kupitia sindano na kisha kutelezesha katheta juu ya waya huo ilichapishwa mwaka 1953 na Sven-Ivar Seldinger wa Sweden, na mwaka 1964 Charles Dotter, huko Portland, Marekani, aliitumia njia hiyo kupanua ateri ya mguu wa mwanamke wa miaka 82 aliyekataa kukatwa mguu. Wote wawili walikuwa wanaradiolojia. Marekani ilipoitambua tiba hii kuwa ubingwa kamili mwaka 2012, cheti chake kiliendelea kujumuisha usomaji wa picha.

Viigizo vya kompyuta navyo vimeingia katika mafunzo, na vinaongeza wepesi wa mkono, japo ushahidi kwamba wepesi huo huhamia kwa mgonjwa halisi bado ni mchache. Kando ya meza, msimamizi humtaka mwanafunzi aondoe mguu kwenye pedali ya mionzi, kisha aeleze kwa maneno waya uko wapi na tawi linalofuata litachomoza upande gani. Akishaeleza ndipo huruhusiwa kukanyaga tena.