Saratani ya matiti na upande wa baba

"Kwa mama hakuna aliyeugua titi, kwa hiyo mimi niko salama." Kauli hii huniumiza kila ninapoisikia, maana nusu ya ukoo imeachwa nje. Jeni za BRCA1 na BRCA2 kila mtu anazo, mke kwa mume. Kazi yake ni kusaidia kukarabati DNA, yaani maelekezo ya mwili yaliyo ndani ya seli, inapoharibika; zikiwa na hitilafu, hatari ya saratani ya matiti na ya ovari (mifuko ya mayai ya mwanamke) hupanda. Mzazi mwenye hitilafu katika mojawapo, awe baba au mama, kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi. Baba huenda asiugue kamwe, japo ya BRCA2 humwongezea hatari ya saratani ya tezi dume, na hata ya titi.

Kwa hiyo kwenye kituo cha afya mtu aulizwe habari za shangazi, aulizwe na za bibi mzaa baba. Na aulizwe kwa maneno ya nyumbani. Hakuna anayesema "shangazi alikuwa na saratani ya ovari". Husema: "Alivimba tumbo, akakonda, akatutoka." Tumbo huvimba kwa mengi, basi endelea: alikuwa na umri gani? Alipasuliwa? Hospitali waliwaambia nini? Kazi hiyo ni ya kalamu na karatasi, na ndiyo inayoonyesha nani apelekwe kupimwa. Wengi hawatahitaji: katika saratani 100 za matiti, za kurithi ni kama 5 hadi 10 tu.

Wengine hudhani kukutwa na hitilafu ni kuwa na saratani tayari. Sivyo. Ni hatari kubwa, kweli: hadi miaka 80, wanawake kama 7 kati ya 10 wenye hitilafu hizo hupata saratani ya matiti. Lakini anayejua mapema huanza uchunguzi mapema.

"Nimepima, niko safi." Safi kwa kulinganishwa na nani? Inafaa aanze kupimwa ndugu aliyeugua. Akikutwa na hitilafu nawe huna, hapo shusha pumzi. Asipopimwa yeye, jibu lako linaacha swali wazi. Vipimo vya mate vya kuagiza nyumbani navyo vina mipaka: kile cha kampuni ya 23andMe, kilipoidhinishwa Marekani mwaka 2018, kilitazama hitilafu tatu tu za BRCA, zinazoonekana zaidi kwa Wayahudi wa Ashkenazi, wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki. Mswahili aishiye huko akiambiwa hana, ameambiwa kidogo mno.

Lipo pia jibu la "badiliko lisilojulikana maana", yaani jeni imebadilika lakini haijulikani kama badiliko hilo lina madhara. Waafrika hulipata zaidi, kwa kuwa kumbukumbu za kulinganishia zimejaa Wazungu. Aliyelipata asiondolewe titi wala ovari kwa jibu hilo peke yake. Arudi kuuliza baada ya muda, maana maabara hulipanga upya.