Mihai Covaliu hakuwa bingwa wa siku moja

Ukitaja mchezo wa vitara, yaani wa kupambana kwa panga, nchini Romania, jina la Mihai Covaliu, mzaliwa wa Brașov, halikawii kujitokeza. Pamoja nalo huja maneno mengi yasiyo ya kweli, na mengine yanamdhulumu.

Dhana: Dhahabu ya Olimpiki ya Sydney aliibahatisha.
Mwaka 2000 alikuwa na miaka 22 tu alipomshinda Mfaransa Mathieu Gourdain kwenye fainali ya seba, mojawapo ya silaha za mchezo huu, kwa hiyo wapo waliomwona kijana mwenye nyota ya siku hiyo. Lakini mwaka 2005 huko Leipzig akawa bingwa wa dunia. Mwaka 2008 kwenye Olimpiki ya Beijing, akiwa na miaka 30, alifungwa na Nicolas Lopez katika nusu fainali, kisha akarudi ulingoni akamshinda Julien Pillet na kutwaa shaba. Mimi shaba hiyo naiheshimu sana. Katika ndondi za Olimpiki, wote wawili wanaoshindwa nusu fainali hupewa shaba. Kwenye vitara ni mmoja tu, na lazima aipiganie huku kidonda cha kufungwa bado kibichi.

Dhana: Seba ni kufyeka tu, mwenye mkono mwepesi ndiye mshindi.
Ni kweli seba huruhusu kukata kwa makali, na kuchoma kwa ncha pia, popote kuanzia kiunoni kwenda juu, kichwa na mikono ikiwemo. Ila tazama pigo moja kwa makini. Mwamuzi anaruhusu, wawili wanarukiana, taa nyekundu na ya kijani zinawaka pamoja kuonyesha kila mmoja amemgusa mwenzake, kila mmoja anashangilia. Pointi anapewa mmoja: aliyeanzisha shambulizi, au aliyelizuia la mwenzake kisha akajibu. Wakishambulia sawia, hakuna anayepata kitu. Tena ni marufuku kupishanisha miguu unapokwenda mbele. Ukifanya hivyo unaonyeshwa kadi ya njano. Kwa masharti hayo, Covaliu alitakiwa kufikisha pointi 15 katika kila pambano la mtoano. Bila akili iliyotulia, mkono mwepesi haukufikishi huko.

Dhana: Ndiye Mromania wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki katika vitara.
Hapana. Ion Drîmbă aliipata Mexico mwaka 1968, na Laura Badea akaipata Atlanta mwaka 1996, wote kwa foili, silaha nyingine ya mchezo huu. Ya Covaliu ni ya kwanza ya Romania katika seba.

Dhana: Alipoacha kushindana, akapotea.
Romania ilipotwaa fedha ya seba ya timu London mwaka 2012, ikifungwa na Korea Kusini kwenye fainali, kocha alikuwa yeye. Mwaka 2016 akachaguliwa rais wa Kamati ya Olimpiki na Michezo ya Romania, na ni chini ya uongozi wake wanamichezo wa nchi hiyo walikwenda Tokyo, kisha Paris.